Kofia ya jino imetoka: niibandike kwa supagluu?

Msomaji wa Likoni ameandika hivi:

“Assalaam alaykum daktari. Miaka minne iliyopita nilisafishwa mzizi wa gego la juu upande wa kulia, kisha nikawekewa kofia, lile ganda gumu linalolifunika jino. Juzi nilikuwa harusini nakula halua, kofia ikatoka nzima na halua yake. Haikuniuma hata kidogo. Mume wangu ni fundi wa viatu, anasema tone moja la supagluu litamaliza kazi, na jirani yetu alifanya hivyo ikashika miezi mitatu. Pesa ni mpaka mwisho wa mwezi, na Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine. Niibandike? Kama haifai, nifanye nini?”

Wa alaykumu salaam, dadangu. Pole sana.

Nianze na jibu lenyewe, maana huenda chupa ya gundi iko mezani tayari: usiibandike. Hata kwa tone moja, usiibandike. Lakini nikikukataza nikanyamaza nitakuwa nimekuacha palepale, una kofia mkononi na harusi Jumamosi, kwa hivyo nivumilie nikueleze kwa urefu. Na nikiri jambo moja mapema. Mumeo hakukosea aliposema supagluu itashika, wala jirani yenu hakudanganya. Itashika. Matatizo yanaanza ikishashika.

Itazame hiyo kofia yako vizuri. Imetoka nzima, haikupasuka, hukuimeza. Mtu akiingia kwangu na kofia ya namna hiyo ameifunga kwenye leso, mimi humfurahia, kwa sababu mara nyingi kazi iliyobaki ni ndogo: naisafisha kofia, nalikagua jino, naurudishia mdomo hali yake kwa simiti mpya, anakwenda zake. Bahati hiyo ipo maadamu hakuna kitu kigeni kilichoingia kati ya kofia na jino. Aliyekwisha kuigandisha kwa supagluu huwa ameipoteza kabla hajafika mlangoni kwangu, na ndiyo maana swali lako limenifurahisha. Umeuliza kabla, si baada.

Wengi hudhani kofia ya jino hushikwa na gundi, kama soli inavyoshikwa na gundi kwenye kiatu. Kumbe kinachoishika zaidi ni kipimo. Daktari alipolichonga gego lako aliliachia kuta zinazokaribia kusimama wima, zikikaribiana kidogo tu kuelekea upande wa kutafunia, kisha kofia ikatengenezwa izifuate kuta hizo. Ni sawa na kofia iliyoshonwa kwa mkono kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe: akiivaa imetulia, haihitaji pini. Simiti ya meno inajaza ule upenyo mdogo unaobaki kati ya jino na kofia, na kuuziba ukingo ili mate na vijidudu visipenye. Upenyo huo ni mwembamba ajabu. Kipimo cha kimataifa kinataka utando wa simiti ya kawaida ya kugandishia kofia usizidi mikroni 25, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani huwa karibu mikroni 70. Kwa hivyo tukisema kofia “imekaa”, tunazungumzia kitu ambacho unywele mmoja tu ukiingia katikati, hakikukaa tena.

Sasa ichukulie supagluu yenyewe. Jina lake la kikemia ni sianoakrileti, na haigandi kwa kukauka kama gundi ya mbao. Hii hugandishwa na unyevu. Kiasi kidogo cha maji kilichotanda juu ya kitu kinatosha kuiamsha ikaanza kujifunga. Wewe na mumeo mmeshaliona hilo bila kulitafuta: ukiifungua chupa hapa Mombasa, na joto na unyevu huu wetu wa bahari, siku chache tu mdomo wa chupa umeshakuwa jiwe. Sasa fikiria gundi inayoamshwa na unyevu wa hewa tu, uipeleke mdomoni penye mate.

Mmarekani Harry Coover alikutana na kemikali hizi mwaka 1942 alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Aliziweka kando kwa sababu ziling'ang'ania kila zilichogusa. Ilipita miaka mingi kabla ya gundi hiyo kuingia sokoni, mwaka 1958. Tabia iliyomshinda Coover maabarani ndiyo itakayokushinda wewe mbele ya kioo, huku umeushika mdomo wazi kwa kidole kimoja na kofia kwa vidole viwili.

Mumeo anapobandika soli ana vitu viwili vikavu, anaviona vyote, na mikono yake yote miwili iko huru. Gego lako la juu liko nyuma, halionekani, mate yanamwagika kutoka shavuni, na kofia ina namna moja tu ya kukaa. Simiti ya daktari humpa dakika kadhaa za kuisukuma, kuiweka sawa, kukuambia ung'ate taratibu, na kufuta iliyofurika. Supagluu inakupa sekunde chache. Kofia ikigusa jino ikiwa imeinama kidogo tu, imekwisha, imebaki hivyo hivyo.

Halafu utafunga mdomo, na utahisi kofia hiyo inatangulia kugongana na jino la chini kabla ya mengine. Utajiambia utazoea. Na kweli utazoea, kwa sababu taya hujifunza kukwepa. Lakini kila unapotafuna nyama, kila unaposaga meno usingizini, uzito uliopaswa kugawanywa kwa meno mengi unalishukia jino moja. Na jino lenyewe ni la kuhurumiwa: gego lililosafishwa mzizi limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake, kwa kuoza kwanza na kwa kuchongwa baadaye. Likipasuka kwenda chini mzizini, hakuna daktari wa kuliunga. Linang'olewa.

Hiyo ni hatari ya kukaa vibaya. Ipo nyingine ambayo mimi naiogopa zaidi, kwa sababu ni ya kimya.

Kofia haitoki bure. Halua iliivuta tu, lakini halua ile ile umekula miaka minne na haikutoka. Kuna kilichobadilika huko chini. Pengine simiti ya zamani imeyeyuka kidogo kidogo ukingoni. Hiyo ndiyo sababu nyepesi. Pengine jino limeoza chini ya kofia, likalainika, kuta zile zilizokuwa wima zikaliwa, na kofia ikawa haina cha kushika. Pengine jino limevunjika na kipande kimetoka pamoja na kofia. Pengine liliachwa fupi tangu mwanzo, au unasaga meno usiku. Kila sababu ina dawa yake, na supagluu si dawa ya hata moja. Itafunika tu.

Umesema haikuuma. Dadangu, neno hilo lisikutulize. Neva ya gego hilo ilitolewa miaka minne iliyopita. Jino linaweza kuoza mpaka ufizini bila kukupa taarifa, kwa sababu aliyekuwa akitoa taarifa hayupo tena. Jino lako bado linahisi likigongwa au likiumwa kwa nguvu, maana hisia hiyo hutoka kwenye nyuzi zinazolifunga jino na mfupa. Kuoza halikuhisi. Nimewahi kumpokea mama mmoja aliyeibandika kofia yake kwa supagluu, akakaa nayo miezi kadhaa akila raha mustarehe. Alikuja kwa harufu tu: alikuwa akipiga mswaki mara tatu kwa siku na harufu haiondoki. Kofia haikukubali kutoka ikabidi niikate vipande. Chini yake hapakuwa na jino la kuvalishwa kitu. Palikuwa na kitu laini cheusi kama kahawa iliyosagwa. Nilimng'olea siku ile ile, na yeye mwenyewe aliniambia kinachomuuma si jino, ni ile miezi. Kila ninapoulizwa swali kama lako namkumbuka yeye.

Wapo watakaokwambia, “Lakini madaktari wenyewe hushonea vidonda kwa supagluu.” Ni kweli nusu. Zipo sianoakrileti za hospitali, aina za biutili na oktili, na Marekani iliidhinisha ile ya oktili kwa kufungia ngozi mwaka 1998. Hizo zina mnyororo mrefu wa kikemia, huvunjika polepole, na hupakwa juu ya ngozi baada ya kingo za kidonda kushikanishwa. Chupa ya fundi wa viatu kwa kawaida ni aina ya ethili. Ina mnyororo mfupi, huvunjika mapema kwenye joto na maji, na katika kuvunjika hutoa fomaldehaidi, ile ambayo ikiwa ndani ya maji huitwa formalini. Kwa tone moja kiasi hicho ni kidogo, na sitaki ulale na hofu ya sumu. Ila kuvunjika huko huko kunaeleza kwa nini ya jirani yako ilishika miezi mitatu, haikushika mitatu mingine. Inapoanza kuachia haiachii yote mara moja. Inaachia upande mmoja, mate yanaingia, na kofia bado imekaa inaonekana nzima.

Na hili ulishike hata kwa kazi za nyumbani: supagluu na pamba havikutani. Gundi hii ikimwagikia pamba hushika moto wa ndani kwa ghafla, na inaweza kukuunguza. Watu wanaotaka “kulikausha jino” kwa pamba kabla ya kubandika wanaupeleka mchanganyiko huo mdomoni kwa mikono yao.

Sasa tuje kwenye la kufanya.

Chukua kofia uiangalie kwa ndani penye mwanga wa jua. Ukikuta imebaki simiti nyeupe au ya kijivu tu, habari ni njema. Ukikuta kipande cha kitu cha rangi ya pembe ya ndovu, kigumu, kinachofanana na jino, basi ni jino, limevunjika. Usikitoe, usiirudishe kofia mdomoni, nenda nayo hivyo hivyo. Ukikuta weusi laini na harufu mbaya, jino limeoza. Na ikiwa kuna kijiti cha chuma au cha nyuzi kimechomoza katikati ya kofia, hicho ni kigingi kilichokuwa kimeingia ndani ya mzizi. Hapo pia usijaribu kuirudisha, kwani kigingi kinachosukumwa kikiwa kimelegea ni kama kabari kwenye gogo, hupasua mzizi.

Tuseme ni safi, ina simiti tu. Ziba tundu la sinki au fanyia juu ya beseni, maana kofia inateleza na mabomba hayarudishi. Isugue taratibu kwa mswaki laini na maji ya vuguvugu. Simiti iliyolegea itatoka yenyewe, iliyoshika iache, usiichokoe kwa sindano wala kisu. Sukutua mdomo kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye bilauri, na upige mswaki lile gego lililobaki bila kuliogopa. Hilo gego liko uchi sasa, nalo ndilo linalohitaji usafi kuliko yote.

Kisha ijaribu ikiwa kavu, bila kupaka chochote. Simama mbele ya kioo, tafuta upande wake, maana kofia ya gego ikigeuzwa mbele nyuma haikubali. Ikikaa, funga mdomo polepole. Meno yote yakutane kama siku zote. Ikiwa kofia inatangulia kugonga, itoe ujaribu tena. Ikikataa mara ya pili na ya tatu, acha. Usiigonge, usiiume kwa nguvu ili “iingie”. Iweke kwenye kikopo chenye kifuniko, nenda nayo kwa daktari ikiwa kwenye kikopo. Usiifunge kwenye karatasi ya shashi, kwa sababu kila mwaka nakutana na watu ambao kofia yao ilifagiliwa na mtu aliyedhani ni taka.

Ikikaa vizuri, uliza duka la dawa kama wana simiti ya muda ya meno, ile inayotengenezwa kwa ajili ya kofia na vijazio vilivyotoka. Huuzwa kwenye vipakiti vidogo vyenye maelezo. Mingi kati ya michanganyiko ya muda, ya dukani na hata ya kliniki, ni unga wa oksidi ya zinki, na ule mkongwe zaidi huchanganywa na yujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Ukiinusa utaijua mara moja. Karafuu za Pemba zimetuliza meno ya watu wa pwani hii kwa vizazi, na hata kliniki za kisasa hazijaziacha. Ila ukitumia yenye harufu ya karafuu, au ukijipaka mafuta ya karafuu yenyewe, mwambie daktari wako siku ya kwenda, kwa sababu yujenoli huzuia baadhi ya simiti za kudumu kuganda sawasawa. Na mafuta ya karafuu yakiwa mazito huunguza ufizi, basi yasimwagwe ovyo.

Namna ya kupaka: kausha gego kwa kitambaa safi cha shashi, paka utando mwembamba ndani ya kofia, ukingoni hasa, usiijaze kama unavyojaza sambusa. Irudishe kwa ule upande ulioujua, bonyeza kwa kidole, kisha uma taratibu. Futa iliyofurika kabla haijaganda. Ukisafisha katikati ya meno kwa uzi, uuchomoe kwa kuuvuta ubavuni, usiurushe kuelekea mdomoni kwani utakuja na kofia.

Duka likikosa simiti hiyo, kuna gundi ya meno bandia, ile malai wanayotumia wazee kushikizia meno ya kuvaa. Hiyo inaruhusiwa kwa siku moja mbili. Ikikosekana nayo, kitone cha dawa ya meno ya kawaida kinaweza kuituliza kofia mahali pake kwa muda wa kwenda kazini na kurudi. Haishiki, inapunguza tu kucheza. Haya mawili ya mwisho ni ya mchana. Usiku itoe, uiweke kwenye kikopo chako. Sisemi hivi kwa woga wa bure: kofia ikikutoka usingizini inaweza kwenda njia mbili. Ikienda tumboni, mara nyingi hupita ikatoka yenyewe baada ya siku chache. Ikienda njia ya hewa, ni dharura. Mtu akianza kukohoa ghafla bila kikomo, au pumzi ikapiga mluzi baada ya kofia kupotea mdomoni, msisubiri asubuhi, mpelekeni hospitali, hata kikohozi kikitulia baadaye. Na ndiyo sababu nyingine ya kutoivaa kofia isiyokaa imara.

Mpaka ufike kwa daktari, tafuna upande wa kushoto. Halua, kashata, chingamu, mabuyu, muhogo mkavu wa kukaanga, hivyo vyote viache kwanza. Uji, samaki wa nazi, ndizi, wali, mbaazi, utaishi vizuri. Kama nyumbani kuna mtu wa muguka, yale majani ya kutafuna, hilo ni lake, wewe usiitie mdomoni na chingamu yake wiki hizi.

Tuje kwenye pesa, ambayo naamini ndiyo iliyoileta supagluu mezani. Nakuelewa kabisa. Watu wengi hawaendi kwa daktari kwa sababu wanabeba kichwani bei ya kofia mpya. Lakini wewe huenda huhitaji kofia mpya. Kurudishia kofia nzima kwenye jino zima ni sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Piga simu kabla ya kwenda, sema maneno haya haya: “Kofia yangu imetoka nzima, ninayo, nataka kurudishiwa. Ni kiasi gani, na kama mtahitaji picha ya eksirei ni kiasi gani juu yake?” Anza na kliniki iliyokuwekea, maana wana picha za jino lako na wengine hurudishia kwa bei nafuu kazi waliyoifanya wao. Isipowezekana, Hospitali ya Rufaa ya Pwani hapa kisiwani ina idara ya meno. Feri kwa mwenda kwa miguu haina nauli, kwa hivyo kuvuka kusikuzuie. Popote uendapo, hakikisha anayekushika mdomo amesajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Orodha yao iko kwenye intaneti, unaandika jina unaona. Nasema hivi kwa sababu mitaani wapo mafundi wanaoweka meno ya dhahabu sebuleni mwa watu, na wengine wao hugandisha kwa chupa ile ile ya mumeo.

Kusubiri mwisho wa mwezi? Kama ni siku tano au sita, na kofia inakaa vizuri kwa simiti ya muda, na hakuna uvimbe, unaweza kujikaza. Zikiwa wiki tatu, hapana. Meno hayasimami mahali kama nguzo za nyumba. Yanategemeana, na pakipatikana nafasi jirani huinama kuielekea, na lile la chini huanza kupanda juu kulifuata lililotoweka. Si mwendo wa kuonekana kwa jicho, lakini nimekwambia kuhusu ule upenyo wa mikroni 25. Wiki chache zikipita, kofia ile ile iliyokuwa ikikaa inagoma, na hapo ndipo unapolipia mpya kweli. Tafuta njia ya kwenda mapema, hata kwa kukopeshana kwenye chama. Na ukiona shavu linavimba, homa, usaha, au mdomo unashindwa kufunguka, basi habari ya mwisho wa mwezi imekwisha, ni siku hiyo hiyo.

Huenda barua hii ikamfikia mtu ambaye ameshabandika. Kwake nasema: usiivute kwa koleo, na usitie mdomoni asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Gundi iliyomwagikia mdomo au ufizi itaachia yenyewe kwa mate na maji ya vuguvugu, ndani ya siku moja au mbili, usiibandue kwa nguvu ukachubua ngozi. Ukimeza kipande kilichoganda hakitakudhuru. Nenda kwa daktari, na umwambie ukweli kwamba ni supagluu. Sisi hatumchapi mtu. Tukijua, tunajua pa kukatia na pa kuhurumia. Asiposema, tunapoteza muda tukivuta kitu kisichovutika, na jino ndilo linaloumia.

Mwisho, siku utakayokaa kitini. Daktari atakagua jino, pengine atapiga picha, ataisafisha kofia, ataijaribu kavu, kisha ataigandisha, mara nyingi kwa glasi ayonoma, simiti iliyobuniwa na Alan Wilson na Brian Kent huko London, ambayo hujishika na madini ya jino lenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo. Kabla hajakuruhusu atakuwekea karatasi ya rangi uing'ate. Hapo usione haya. Ukihisi iko juu, sema iko juu. Akichonga kidogo na bado unahisi, sema tena. Daktari anaona alama za rangi tu, anayejua meno yako yalivyokuwa yakikutana miaka yote ni wewe.

Ukienda Jumatano au Alhamisi, Jumamosi utakula pilau na wenzako bila wasiwasi. Halua ikipita, chukua kipande, utafune kushoto.